Mavazi ya kununua kabla ya safari ya miji ya Ulaya: viatu kwanza, koti baadaye

Mtu anayejiandaa kwenda Paris, Roma au Amsterdam kwa mara ya kwanza huambiwa neno moja na kila anayemuaga: "Kule baridi." Basi anakimbilia koti, tena lile kubwa kuliko yote sokoni, na hela ya viatu inaishia hapo. Mimi nashauri kinyume chake. Nusu ya bajeti iende kwenye viatu, theluthi kwenye koti na nguo za joto za ndani, na kinachobaki kitoshe begi na vitu vidogo. Suruali, mashati na magauni unayo tayari kabatini. Ukiwa mwenyeji wa Njombe, Mbeya au Limuru, hata sweta usinunue.

Viatu vinatangulia kwa sababu miji hii hutembelewa kwa miguu. Chukua siku moja ya kawaida Roma: unaanzia Colosseum, unapita chemchemi ya Trevi na Pantheon, unafika uwanja wa Navona, kisha unavuka mto Tiber kwenda Vatican. Hizo ni kilomita kadhaa, na bado hujahesabu foleni wala kumbi za makumbusho unakosimama saa nzima juu ya marumaru. Tena ardhi yenyewe si lami. Mitaa ya Roma ya kale imepangwa sampietrini, vijiwe vyeusi vya volkano vyenye nafasi katikati inayomeza kisigino chembamba. Njia za miguu za Lisbon ni mawe madogo ya chokaa, yamesuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni, mlimani na mteremkoni. Prague nayo ni mawe matupu. Koti baya utalivumilia siku nzima. Kiatu kibaya kitakurudisha hotelini saa sita mchana, na siku uliyoilipia viza, tiketi na kulala itakuwa imekwisha.

Viatu, kuanzia vya kununua kwanza

Namba 1 ni raba za ngozi za rangi moja, nyeusi, kahawia au nyeupe, zenye soli nene ya mpira na mifereji chini. Zinahimili manyunyu, zinafutika kwa kitambaa, na usiku unaingia nazo mgahawani bila mtu kukutazama miguuni. Ukiweza kununua jozi moja tu, iwe hii.

Namba 2 ni raba za kukimbilia. Kwa raha ya mguu hazina mpinzani, na kuanzia Juni hadi Agosti ningezipandisha ziwe za kwanza. Udhaifu wao ni mvua: kitambaa chake cha matundu hupitisha maji dakika ile ile, na kiatu kilicholowa jioni kwenye baridi hakitakauka hadi asubuhi.

Namba 3 ni buti fupi za ngozi zinazofika kwenye kifundo, kwa anayesafiri Novemba hadi Machi. Zina joto na zinapendeza na suruali au gauni refu. Ila zinahitaji muda wa kuzoeana na mguu, kwa hiyo zinunue wiki tatu au nne kabla na uzivae kazini, sokoni, kila mahali.

Namba 4 ni makubazi yenye mkanda wa kisigino, kwa majira ya joto tu na kama jozi ya pili. Viatu vya kupandia mlima ninaviweka nyuma yake, kwani ni vizito na mjini havikuongezei kitu. Vya mwisho kabisa ni viatu virefu vya kisigino chembamba na vile vya kiume vyenye soli ya ngozi. Kama unakwenda harusini, vibebe kwenye begi uvivalie ukumbini.

Nenda kununua jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa mwendo wa siku, ukiwa na soksi utakazosafiri nazo. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kunja kiatu: kinatakiwa kipinde kwenye vidole, si katikati ya unyayo. Kwa wanaonunua mtumba, na mitumba ina viatu vizuri sana, kuna hatari moja ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Soli nyingi laini zimetengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki ambayo unyevu huivunjavunja taratibu hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Kiatu kimekaa ghalani miaka, kikasafiri ndani ya belo, kikapokewa na hewa ya Dar au Mombasa. Kwa macho ni kipya. Siku ya pili barabarani soli inamong'onyoka vipande vipande. Ikwaruze kwa ukucha: ikitoa unga au kunata, kirudishe. Soli ya mpira halisi haina tabia hiyo.

Koti

Kabla ya kuchagua koti, angalia mwezi na mji, maana "Ulaya" si hali moja ya hewa. Mchana wa Januari London na Paris huwa kwenye nyuzi 7 au 8 za Selsiasi, Berlin karibu 3, Roma 12, Lisbon hata 15. Julai Roma na Madrid hupita 30 bila shida, na tarehe 19 Julai 2022 London yenyewe ilivuka 40. Anayebeba koti la Januari mwezi wa Julai kwa kuogopa jina la Ulaya anabeba mzigo bure.

Jambo la pili: ndani kunapashwa joto. Unatoka nyuzi 3 mtaani, unaingia dukani au kwenye treni ambako ni 20 na zaidi. Aliyevaa koti moja nene juu ya fulana nyepesi atatokwa na jasho ndani, kisha atatetemeka nje. Kinachofaa ni tabaka, kanuni ambayo waongozaji wa Moshi huwafundisha wageni wa Kilimanjaro kila siku: fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, sweta juu yake, na nje kitu cha kuzuia upepo na maji. Fulana hiyo ya kwanza isiwe ya pamba, maana pamba hushika jasho na kukaa nalo mwilini. Sufu ya merino, ile laini ya kondoo wa aina hiyo, ndiyo bora, na polyesta ya bei nafuu inatosha kabisa.

Kwa msingi huo, ninayapanga hivi.

La kwanza ni jaketi jepesi la mvua lenye kofia, linalotosha kuvaliwa juu ya sweta nene. Linakufaa Machi, linakufaa Oktoba, na Januari ukiongeza sweta bado linakufaa. Mvua ya London au Amsterdam mara nyingi ni manyunyu yenye upepo, na mwamvuli wa bei rahisi unapinduka. Sharti langu lingine ni mfuko wa ndani wenye zipu. Wezi wa mifukoni kwenye metro ya Paris, yaani treni za chini ya ardhi, mtaa wa La Rambla wa Barcelona na basi namba 64 la Roma wanajulikana miaka mingi, na pasipoti inakaa salama zaidi kifuani kuliko mfuko wa nyuma.

La pili ni koti refu la sufu, na hapa mtumba haushindiki. Makoti haya mengi yametoka huko huko Ulaya, yakafika Karume au Gikomba, na kwa kuwa watu wetu wachache wanayahitaji, bei yake ni ndogo kuliko thamani yake. Soma lebo: sufu asilimia 70 na kuendelea ni koti la kweli, chini ya nusu, unanunua sura. Liinue kwenye mwanga utafute matundu ya nondo, kagua kwapa na bitana, nusa. Kwa dada anayevaa baibui, pima koti juu ya baibui lenyewe, hasa mabegani.

La tatu ni jaketi la manyoya ya bata, lile lenye mafungu mafungu. Ni jepesi ajabu, linajikunja likawa dogo kuliko mkate, na kwa Berlin au Prague ya baridi kavu ningeliweka la kwanza. Likilowa, manyoya yanashikana na joto linaondoka. Yapo yaliyojazwa nyuzi za polyesta badala ya manyoya: yanachukua nafasi zaidi begini, lakini hustahimili maji vizuri zaidi, na kwa msafiri wa kawaida ndiyo ninayoyapendelea.

Jaketi la ngozi na hudi viko chini kabisa. Jaketi la ngozi ni zito na halipashi joto kama watu wanavyodhani. Hudi ni tabaka la kati, si koti.

Jaketi la mvua usilinunue mtumba bila kuligeuza ndani nje. Utando wa kuzuia maji uliozeeka hubabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na ukishaanza kubabuka hakuna fundi wa kuurudisha.

Nunulia hapa au kule? Viatu nunua hapa, kwa sababu ya kuvizoea. Koti la sufu nunua hapa, mtumba. Jaketi la mvua, fulana za ndani na soksi za joto unaweza kusubiri uzipate kule: maduka ya Decathlon na Primark yapo miji mingi na bei zake ni za watu wa kawaida. Anayefika Ufaransa au Italia Januari atakuta punguzo kubwa la bei la msimu. Ukinunua cha bei kubwa, uliza fomu ya kurudishiwa VAT kwa wasioishi Umoja wa Ulaya, uonyeshe pasipoti dukani na upate uthibitisho uwanja wa ndege kabla ya kuondoka. Ufaransa ununuzi lazima uzidi euro 100 katika duka moja. Hispania haina kiwango cha chini. Uingereza iliufuta utaratibu huo mwaka 2021, kwa hiyo London usiuhesabie.

Begi

Sanduku la magurudumu lenye ukubwa wa kati linashinda lile kubwa, na begi la mgongoni linashinda yote mawili kwa anayebadilisha miji. Vituo vingi vya metro ya Paris ni ngazi tupu, nyumba za wageni za Amsterdam zina ngazi za kusimama wima, na Venice kila daraja ni ngazi za kupanda na kushuka. Kama huwezi kulibeba begi lako ghorofa tatu bila msaada, ni kubwa mno. Emirates na Qatar Airways zinaruhusu kilo 7 za begi la ndani ya ndege kwa daraja la kawaida. Mtego uko kwenye mashirika ya bei nafuu unapokatisha kati ya miji: mzigo wa bure wa Ryanair na Wizz Air ni kibegi cha sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na kinachozidi kinalipiwa. Pima kwa tepu kabla ya kununua, usiamini lebo.

Vidogo

Mtandio au khanga moja nyepesi ndiyo nguo yenye kazi nyingi kuliko zote. Basilika la Mtakatifu Petro halimruhusu mtu kuingia na mabega au magoti wazi, awe mwanamume au mwanamke, na walinzi hurudisha watu kila siku ya joto. Khanga inafunika mabega, inageuka skafu jioni, na ndani ya ndege ni shuka. Hijabu haina tatizo barabarani. Niqabu ni suala jingine: kufunika uso hadharani kumekatazwa kisheria Ufaransa na Ubelgiji tangu 2011, Austria tangu 2017, Denmark tangu 2018, na kuna faini. Ni vyema kulijua hilo kabla ya kukata tiketi.

Ngozi itapauka vibaya kwa hewa kavu ya vyumba vilivyopashwa joto. Mafuta ya mgando na losheni vinahesabiwa kama vimiminika, kwa hiyo vya kubeba mkononi viwe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya kifuko kimoja cha lita moja. Mzula na glavu hazigharimu kitu na Januari zina thamani kuliko sweta la tatu. Jinzi moja inatosha, kwani ikilowa inachelewa kukauka.

Plagi zetu za pini tatu za mraba zinaingia moja kwa moja Uingereza na Ayalandi. Kwingine kote kwenye miji hii unahitaji adapta ya pini mbili za mviringo. Inunue Kariakoo au River Road, ya uwanja wa ndege ni ghali bila sababu. Umeme ni ule ule wa volti 230, kwa hiyo huhitaji kifaa cha kupunguzia.

Kisha kuna zawadi za ndugu walioko huko. Nyama ya kukausha, maziwa, jibini na samli haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka kwetu, hata kidogo cha familia, na forodha huvichukua na kuvitupa. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi, tende na doriani hazihitaji, kwa hiyo shangazi akikuletea kopo la samli usiku wa kuamkia safari, muombe kwa upole akubadilishie na tende.