Etymonline na maneno ya bahati ya Kiingereza: ni nzuri kwa asili, dhaifu kwa matumizi

Luck, chance, fortune, odds, hazard: kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili huweza kuyamaliza mengi kati yake kwa "bahati" na kuendelea. Mwalimu au mfasiri anayetaka kuona yanapotofautiana atafaidika na Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno iliyojengwa na Mmarekani Douglas Harper. Kutafuta neno humo ni bure na hakuhitaji kujisajili. Matangazo yapo, uyavumilie.

Jifunze kwanza kusoma alama zake. Herufi c. ikitangulia mwaka, kama c. 1300, maana yake ni "takriban". Ikifuata namba, kama 15c., ni karne. Luck imewekwa late 15c., yaani miaka ya mwishoni mwa 1400, na wengi hapo huandika kimakosa 1500 na kitu. Tarehe hizo ni za maandishi ya mwanzo yanayofahamika. Midomoni neno huenda lilikuwapo zamani zaidi. Nyota mbele ya mzizi huonyesha umbo lililokisiwa na wanaisimu, ambalo halijakutwa limeandikwa popote.

Raha yake ni kufuata ukoo wa neno. Fungua chance: inatoka Kifaransa cha kale, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini cadere, kuanguka, kwa maana ya jinsi dado zinavyoanguka. Bonyeza mzizi *kad- uwaone ndugu zake: accident, casual, coincide, na hata cheat, kudanganya. Kisha fungua hap, neno la Kinorse cha kale (lugha ya kale ya Skandinavia) ambalo peke yake limekufa ila watoto wake wamejaa mitaani: happen, perhaps, mishap, haphazard. Happy nayo ilianza kwa maana ya mwenye bahati. Furaha ilikuja baadaye. Luck yenyewe ni mgeni kutoka Kiholanzi au jirani zake, na inakisiwa iliingia kupitia michezo ya kamari.

Kipimo cha uaminifu wa kamusi kama hii ni hazard. Lilikuwa jina la mchezo wa dado, na simulizi maarufu hulipeleka moja kwa moja kwenye Kiarabu az-zahr. Sisi tunaozungumza lugha iliyosheheni Kiarabu tungependa iwe hivyo. Harper anaitaja nasaba hiyo, halafu anaeleza kwa nini ina mashaka: zahr kwa maana ya dado haimo katika kamusi za Kiarabu cha kale. Tovuti nyingi za "je, wajua" hukata sehemu hii. Serendipity, bahati ya kugundua jambo jema bila kulitafuta, haina utata wa namna hiyo: ilibuniwa na mwandishi Mwingereza Horace Walpole katika barua ya 1754, akichukua jina la Sarandib, yaani Sri Lanka ya leo.

Kasoro kubwa ni kwamba haikufundishi kutumia neno. Haitakuambia kuwa luck haihesabiki, kwamba a luck ni kosa na badala yake husemwa a piece of luck au a stroke of luck. Haitakuonya kuhusu chance, inayowaponza wafasiri wengi. Give me a chance ni "nipe nafasi". By chance ni "kwa bahati" au "bila kutarajia". A chance of rain ni "uwezekano wa mvua", na the chance of dying ukiitafsiri "bahati ya kufa" umemtisha msomaji bure. Kwa fluke, ambayo huhusishwa na pigo la kubahatisha kwenye biliadi, "bahati ya mtende" inakaribia. Vijana wa Dar wangesema "zali".

Kumbuka pia kwamba kazi hii ni mkusanyo kutoka kamusi kubwa zaidi, si utafiti wa mkono wa kwanza, na Harper mwenyewe halifichi hilo. Kwa makala ya kitaaluma, hakiki kwenye Oxford English Dictionary, ambayo huonyesha mfano wa maandishi pamoja na mwaka wake, ingawa sehemu kubwa hulipiwa. Kwa matumizi ya kila siku fungua kamusi ya mtandaoni ya Cambridge sambamba: hapo nomino zimetiwa alama C au U, za kuhesabika na zisizohesabika, na matamshi unayasikia.

Odds ndipo utakapohitaji vyote viwili, asili na matumizi. Etymonline inakupeleka kwenye odd, kitu kilichozidi au kisicho na mwenzake. Lakini kwenye mkeka wa kubeti odds 9.00 hulipa sana kwa sababu tukio halitarajiwi, na 1.20 hulipa kidogo kwa kuwa linatarajiwa. Katika mazungumzo ya kawaida, the odds are high huweza kumaanisha kinyume, kwamba jambo lina uwezekano mkubwa. Ukifasiri habari za michezo, angalia kwanza kama mwandishi anasoma ubao wa kubeti au anakisia tu.