Faili la mama kwenye kompyuta: uzoefu wangu wa miaka 2

Mama ana kisukari na presha, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila mwezi kwenye hospitali ya mkoa wetu. Zamani siku ya kliniki ilianzia masijala. Kaka wa pale anaingia chumba cha nyuma, anakawia kama aliyekwenda shamba, kisha anarudi mikono mitupu: "Halionekani, mama, tufungue jipya." Kwa hiyo walipohamia kwenye kompyuta nadhani nilifurahi kuliko wauguzi wenyewe.

Na mengi yamekuwa mepesi, nisiwe mchoyo wa shukrani. Mapokezi unataja namba ya simu, jina linatokea. Daktari akiandika vipimo, maabara wanaviona papo hapo, na majibu yanamfikia kwenye kompyuta yake hata kama sisi bado tunatafuta pa kukaa kwenye benchi. Dirisha la dawa wanasoma "Metformin mg 500, asubuhi na jioni" bila kubahatisha mwandiko wa mtu. Siku moja daktari alitugeuzia skrini akatuonyesha sukari ya mama kabla ya kula, mwezi hadi mwezi: 11.2, 9.8, 8.1. Mama, aliyekuwa akiapa kwamba dawa zile ni unga mtupu, alinyamaza mpaka tunafika nyumbani.

Lalamiko lake ni jingine: "Daktari siku hizi ananitazama mara mbili tu, nikimsalimia na nikimuaga." Hapo sina la kumtetea daktari.

Lililonifanya niandike haya ni Septrin, dawa yenye salfa. Dawa za salfa zinamdhuru mama, anavimba uso. Nililitaja tangu mwanzo na likaingizwa kwenye kompyuta nikiona kwa macho yangu. Mwezi mmoja mkojo ukawa unamchoma, tukaenda siku isiyo ya kliniki, tukamkuta daktari asiyetujua. Nilikuja kushtuka dirishani, mfamasia alipoitaja Septrin. Tukarudi kwa daktari. Kwenye kompyuta yake, sehemu ya mzio: "hakuna". Sukari hakuna. Presha hakuna. Mama alikuwa mgonjwa mpya kabisa.

Kumbe alisajiliwa mara mbili. Faili moja lina namba yangu ya simu na jina "Ramadhani". Jingine lilifunguliwa siku mdogo wangu alipompeleka, kwa namba yake yeye, "Ramadhan" bila i ya mwisho, na tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwa kuwa aliisahau. Kompyuta ikaona wanawake wawili. Faili la karatasi likipotea, daktari anajua limepotea, anakuuliza upya. Hili la kompyuta lilimjibu "hakuna", na jibu hilo linatokea hata kama hakuna aliyewahi kumuuliza mgonjwa.

Mapokezi hawana ruhusa ya kuunganisha mafaili, ni kazi ya mtu wa TEHAMA, naye alikuwa safarini. Wiki 2, nauli mara 3, ndipo yakaunganishwa.

Mtandao nao ukikata, wanaandika kwenye karatasi na kusema wataingiza baadaye. Ziara yetu moja ya namna hiyo haijaingizwa mpaka leo. Na tulipopewa rufaa ya macho kwenda hospitali kubwa ya Dar, huko hawakuona chochote cha nyuma. Walifungua faili jipya, tukaanza kusimulia tangu kisukari kilipoanza.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Ukiwa na mgonjwa wa kudumu, sajili namba moja ya simu na usiibadilishe hata akisindikizwa na mwingine, na mwombe daktari akusomee sehemu ya mzio kabla hajaandika dawa. Omba pia nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inakupa haki ya kuziona zako na kutaka zirekebishwe. Mimi kwanza niliambiwa haiwezekani. Nikaandika barua kwa mganga mfawidhi, nikachapiwa kurasa 4.

Nimezibana ndani ya daftari la zamani la mama. Juu ya jalada nimeandika kwa kalamu nyekundu: SALFA HAPANA. Chini yake namba ya faili, ile moja iliyobaki.