PCOS na kilo zisizoshuka: metformini au sahani?

Kwa wengi wenye PCOS (tatizo la homoni kwa wanawake linalovuruga hedhi na kupevuka kwa mayai) mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu; kongosho linamwaga insulini zaidi, mafuta yanang'ang'ania tumboni. Metformini, kidonge cha kisukari, inagusa hapo hapo, na hedhi huweza kurudi kwenye mpangilio. Kilo? Hupungua chache tu, na wiki za mwanzo tumbo huvurugika. Imeze pamoja na chakula, daktari akishakuandikia.

Sahani ni ngumu zaidi, hasa ukiwa kwa mama mkwe: ugali robo, mchicha nusu, dagaa au maharage robo iliyobaki, chai bila sukari. Mimi ningeanza hapa. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 tu, mayai yanaweza kuanza kupevuka tena. Sukari ikiwa imeshapanda, muulize daktari kuhusu vyote viwili kwa pamoja.