Misimu miwili na kipima unyevu wa udongo kwenye grini

Kipima hiki nilikinunua kwa ajili ya grini ya 7 ya uwanja wetu wa gofu; grini ni eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la kuingizia mpira. Kila joto lilipozidi, mgongo wake wa juu ulififia ukawa na rangi ya majivu, nami nilifungulia vinyunyizio usiku kama nilivyozoea. Mgongo ulipata nafuu ya siku mbili. Bondeni, maji yanakokimbilia, nyasi zililegea, madoa ya kuvu yakatokea, na nilipochimbua kipande cha udongo kilinuka yai bovu, mizizi imeishia sentimita 4. Grini moja, upande huu kiu, upande ule mafuriko, na katikati ni hatua kumi na tano tu.

Nimetunza grini miaka mingi nikitegemea macho na kisigino. Macho hayadanganyi, ila yanachelewa. Nyasi zikishaanza kuingia ubuluu, na alama ya kiatu ikabaki bila kuinuka, zimeteseka tayari. Nyasi zinazokatwa kwenye kimo cha milimita 3 hazina akiba ya kuvumilia makosa yetu.

Kifaa chenyewe ni fimbo yenye kioo kidogo juu na vijiti viwili vya chuma chini. Unavichomeka, unasubiri sekunde chache, kinakupa asilimia. Ndani kinapeleka mpigo wa umeme kwenye vijiti na kupima muda unaotumia kwenda na kurudi. Maji huuchelewesha kuliko mchanga, na mchanga kuliko hewa. Kikisoma 20, maana yake katika kila lita moja ya udongo kuna mililita 200 za maji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa urefu wa vijiti. Nilianza na vya sentimita 12, vikanipa namba za kutuliza moyo huku nyasi zinanyauka mbele yangu. Maji yalikuwepo, ila chini, mahali mizizi haifiki. Nilipofunga vya sentimita 7.6 ndipo kifaa kikaanza kusema ninachokiona. Ukinunua, chimbua kwanza uone mizizi yako imefika wapi, halafu uchague vijiti.

La pili ni namba. Kila mtu huuliza ni asilimia ngapi inayofaa, na namba ya mwenzako haitakusaidia. Grini iliyojengwa kwa mchanga juu ya kokoto hushika maji kidogo. Ya zamani, iliyojaa mabaki ya mizizi na mashina, hushika mengi zaidi, na nyasi zake zinaweza kunyauka kwenye namba ambayo kwingine ni ya raha kabisa. Mimi niliacha kona moja ikauke makusudi, nikapima kila baada ya saa mbili mpaka dalili za kwanza zikajitokeza. Zilijitokeza kwenye 11. Tangu hapo nikiona 14 nabeba mpira wa maji. Siku hiyo moja ya kusubiri imenifaa kuliko maelezo yote yaliyokuja na boksi.

Kisha nikapima grini ya 7 sehemu tisa. Bondeni 31, mgongoni 9. Nilikaa chini nikazitazama namba zile kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeimwagilia grini yote usiku uliotangulia. Nikachimbua mgongoni, nikadondosha tone la maji juu ya mchanga: likakaa kama shanga, halizami. Chembe za mchanga zilikuwa zimevikwa utando wa mabaki ya viumbe hai, zinakataa maji. Kwa hiyo kila nilichomwaga juu kiliteremka bondeni. Nilikuwa naizamisha sehemu ya chini kwa mikono yangu nikidhani naiokoa ya juu.

Kipimo hakitibu. Tiba ilikuwa kutoboa mgongo kwa sindano nyembamba, kuweka dawa ya kulowanisha udongo, kisha kumwagilia kwa mkono pale tu palipokauka. Bondeni nilitoa vipande vya udongo na kujaza mchanga kwenye matundu ili hewa ipite. Vinyunyizio vya usiku nimevipunguza sana, na wachezaji wanasema mpira sasa unakimbia sawa kutoka juu hadi chini.

Kuna siku kimenizuia nisiharibu. Adhuhuri kali, nyasi za bondeni zimenyauka, mkono uko kwenye bomba. Nikachomeka, kikasoma 28. Maji yalikuwa tele, ila mizizi michache iliyobaki haikuweza kuyavuta haraka kama jua lilivyoyavuta majanini. Nikapuliza ukungu mwepesi wa kupoza majani tu, nikaondoka. Zamani ningemwaga.

Kasoro zipo. Vijiti hupinda ukikutana na jiwe, nami nimeshabadilisha jozi mbili. Ukivichomeka kwa mshazari au ukivitikisa, hewa huingia pembeni na namba hushuka kwa uongo. Baada ya kutoboa grini usomaji huyumba mpaka matundu yajae. Wenye maji au udongo wa chumvi wawe waangalifu: chumvi ikizidi, usomaji hupotoka. Na kinakula muda. Grini 18 mara sehemu tisa ni kuchomeka mara 162. Nilijaribu wiki moja nikaona haiwezekani. Sasa napima sita zinazowakilisha nyingine, alfajiri, sehemu zilezile kila siku, na jioni narudia zile zilizonitia shaka.

Mwenye grini moja ya mazoezi anayoizunguka kutwa nzima anaweza kuishi bila hiki. Mwenye vijana watatu wanaomwagilia kwa zamu, kila mmoja na jicho lake, akinunue mapema. Kwetu ubishi wa nani kamwaga sana umekwisha, maana namba zimeandikwa daftarini.

Wiki iliyopita nilichimbua tena bondeni kwenye grini ya 7. Harufu haipo, na mizizi imefika sentimita 11. Vile vijiti virefu nilivyoviona havifai nimevitoa kabatini.