WhatsApp Business kwa muuza viazi wa Mbeya: uzoefu wangu

Nilikuwa upande wa wanaosema mitandao ya kijamii inakula bando bure, na sehemu ya hoja ile bado naishikilia. Magrupu ya WhatsApp, hasa yale yanayojiita ya wafanyabiashara wa mazao, ni kelele tupu. Grupu moja hubeba hadi watu 1,024. Hata wakiwa robo yao tu, tangazo la viazi huzikwa na salamu za asubuhi, mahubiri na "fursa" za mikopo kabla mnunuzi hajafumbua macho. Kilichonigeuza ni vitu vya WhatsApp Business visivyohitaji grupu: stetasi, orodha ya brodikasti (meseji moja inayomfikia kila mtu peke yake) na lebo. Kwa anayekusanya viazi mviringo Isyonje au Umalila na kuwauzia watu wa Dar es Salaam na Tunduma, hivyo vinatosha.

Programu ni ya bure, na si ile WhatsApp ya kawaida. Namba moja haiwezi kukaa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye simu ya laini mbili aipe biashara laini yake. Jaza jina la biashara, mahali na saa za kazi. Kisha, kabla hujamtumia mtu yeyote chochote, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, uzime picha, sauti na video zisijipakue zenyewe unapotumia data ya simu. Bando nyingi huishia hapo, halafu lawama zinaenda kwa kampuni ya simu.

Wengi wanakwama kwenye kuhifadhiana namba. Meseji ya brodikasti humfikia tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo, kwa kawaida, inataka mhifadhiane nyote wawili. Unaweza kuwatangazia watu 200 wakapata 30, na programu haikuambii kitu. Unaona tiki moja tu. Ikibaki tiki moja siku mbili kwa mtu ambaye meseji za kawaida zinamfikia, huyo hajakuhifadhi. Dawa ni kupiga simu ya kwanza na kuomba kabla ya kuagana: "Mama, naomba uitunze namba hii, andika Viazi Uyole." Orodha moja inapokea watu 256, lakini usiwarundike pamoja. Wa jumla wa Dar wawe na orodha yao, wa Tunduma yao, na wakaanga chipsi wa Mwanjelwa yao, kwa sababu mkaanga chipsi anataka viazi vikubwa tu na hana haja na bei ya lori zima.

Picha ndiyo mzigo wenyewe kwa mtu aliye mbali, na hapa ndipo pa kutumia muda. Piga mchana, kivulini, bila taa ya simu, kwa sababu mwanga wa taa huficha ukijani. Mwaga nusu debe juu ya turubai, weka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane. Kata viazi viwili katikati uonyeshe ndani, kwani uwazi na weusi wa moyoni hauonekani ukiwa nje. Picha ya tatu iwe gunia likiwa juu ya mzani, namba zikisomeka. Usipige mdomo wa gunia. Kila mnunuzi wa Dar anajua kwamba vikubwa hupangwa juu. Na mzigo usianikwe juani ukisubiri lori, maana kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, kinakuwa kichungu na kina sumu ya solanini.

Chini ya picha andika aina, siku vilipochimbwa, uzito wa gunia, bei kwa kilo na mahali pa kupakia. Nasisitiza kilo. Ukiandika "gunia" peke yake utatumia jioni nzima kujibu maswali ya kilemba, yaani rundo la juu ya mdomo wa gunia, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, inayopita kilo 100 ni ugomvi na Wakala wa Vipimo.

Stetasi hufutika baada ya saa 24. Mwanzoni nililiona hilo kama kasoro. Kwa bidhaa inayobadilika bei kila siku ni faida kubwa. Tangazo la kwenye grupu husambazwa, likarudi baada ya wiki, mtu akadai bei ya zamani huku mvua imeshaharibu barabara na nauli ya kushusha mzigo imepanda. Stetasi ya jana haipo, ubishi haupo.

Lebo ni rangi unazobandika kwenye mazungumzo: oda mpya, malipo yanasubiriwa, amelipa. Zinaruhusiwa 20, mimi naona nne zinatosha. Sharti lake moja: lebo ya "amelipa" usiibandike kwa kuonyeshwa picha ya muamala wala meseji uliyosambaziwa. Fungua menyu ya pesa ya laini yako, angalia salio, ndipo gunia lipande. Majibu ya haraka nayo yanasaidia. Unaandika alama ya mkwaju (/) na neno fupi, maelezo yote ya upakiaji yanajitokeza. Katalogi, yaani orodha ya bidhaa na bei zake, sijaona kazi yake kwenye viazi. Mwenye kitalu cha miche ya parachichi Rungwe, ambaye bei yake haiyumbi, itamfaa zaidi.

Kumfuatilia dereva kwa kushiriki mahali alipo ni kuzuri, ila muda mrefu kabisa ni saa 8, na Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mwambie awashe upya akifika Iringa, na ahakikishe simu iko kwenye chaja, la sivyo utakuwa unaangalia alama iliyoganda Makambako.

Usalama usiuahirishe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri ya tarakimu 6. Ile namba nyingine ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS usimpe mtu, hata akijiita mteja aliyekosea kutuma. Akaunti ikishatekwa, ingia upya kwa laini yako na mwizi atatolewa papo hapo. Lakini kama aliwahi kuweka namba yake ya siri, utasubiri siku 7 ndipo uingie. Siku hizo atakuwa ametolewa, ila wateja waliokwisha kuombwa pesa kabla ya hapo wapigie mmoja mmoja. Namba za matapeli zitume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Kuhusu wakulima wenyewe, wa mabondeni Umalila na kwingineko, mtandao unakatika na wengi wanatumia kitochi. Hao nawapigia. Wenye simu janja nawatumia meseji za sauti, zinawasubiri mpaka wapande mahali penye mtandao, na hazihitaji mtu asome bei kwenye kioo chenye ufa.