Tiketi ya viwanja Wimbledon na mechi za kufuzu Roehampton: uzoefu wangu

Nimewaandikia vijana wapenda tenisi ambao mchezaji wao bado hapangiwi Centre Court, korti kuu ya Wimbledon. Kama shida yako ni kumwona Alcaraz au Djokovic, kuna njia nyingine na zina bei yake. Lakini kama unamfuata mtu ambaye jina lake ndiyo kwanza linaanza kutajwa, unayemtafuta kwenye matokeo usiku wa manane kwa sababu anacheza Martinique wiki hii na Guadeloupe wiki ijayo, basi tiketi rahisi za Wimbledon, yaani tiketi za viwanja zinazokuingiza kwenye korti ndogo za nje, ndizo nzuri kuliko zote. Nasema hivyo baada ya kuzitumia mwaka 2025, na ningezichagua hata nikipewa kiti cha Centre Court bure.

Nina miaka 17, naishi London na mamangu, na mchezaji wangu ni Victoria Mboko. Nilimjua kupitia kwa Mkenya mwenzetu. Julai 2022 Angella Okutoyi, msichana aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, alicheza fainali ya wasichana wawili wawili pale Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakaumaliza mchezo kwenye taibreki (pointi za kuamua mshindi) 11-9. Angella akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, na nyumbani kwetu simu hazikunyamaza hadi usiku. Upande wa pili wa neti walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na huyo Mboko, wakati huo ana miaka 15, wazazi wake wametoka Kongo. Nilikuwa namshangilia Angella kwa nguvu zangu zote, lakini nilipoona jinsi yule mtoto anavyoupiga mpira nikaandika jina lake. Tangu siku hiyo ninao wote wawili. Angella nilimfuata hadi Accra, kwa simu tu, alipoleta dhahabu ya Michezo ya Afrika Machi 2024. Vicky, yaani Mboko, nilimfuata mwanzoni mwa 2025 aliposhinda mechi 22 mfululizo kwenye mashindano madogo ambayo hata runinga haiyaonyeshi.

Kwa hiyo ilipofika Juni sikungoja Wimbledon ianze. Nilimwomba mjomba anipeleke Roehampton.

Watu wengi hawajui kwamba wiki moja kabla ya mashindano yenyewe kuna mechi za kufuzu, na hazichezwi kwenye viwanja vile vya runingani. Zinachezwa Roehampton, si mbali. Wanaingia wachezaji 128 wa kike na 128 wa kiume, raundi tatu, na nafasi ni 16 tu kila upande. Unaelewa maana yake: mtu anapambana kama fainali, na mbele ya watazamaji ambao ungeweza kuwahesabu. Tiketi unanunua mtandaoni mapema, bei yake ni ndogo ukilinganisha na Wimbledon yenyewe, na ukishaingia unatembea utakapo.

Sijawahi kuwa karibu na tenisi namna ile. Kwenye runinga kamera iko juu, mpira unaonekana kama unaelea. Pale nilisimama nyuma ya mstari wa mwisho, na servi ya Vicky (pigo la kuanzisha pointi) ilipotua nilisikia kwanza mlio wa raketi, halafu mlio mwingine mkavu wa mpira kwenye nyasi, na kabla sijageuza shingo umeshagonga pazia la nyuma. Nyasi hazipandishi mpira, zinautelezesha. Mpinzani anapiga magoti kuuwahi. Unaona pia mambo ambayo hayaonyeshwi: anavyochagua mipira miwili kati ya mitatu na kuurudisha ule wenye manyoya mengi, anavyoongea na nafsi yake akielekea kuchukua taulo, anavyotazama waya za raketi baada ya kosa kana kwamba jibu liko pale. Hata mjomba, ambaye maisha yake yote ni mpira wa miguu na Gor Mahia, aliacha kutazama simu.

Vicky alifungwa raundi ya mwisho ya kufuzu na Priscilla Hon wa Australia. Niliumia sana. Halafu Anastasia Potapova, aliyekuwa tayari kwenye droo kuu, yaani mashindano yenyewe, akajitoa, nafasi ikabaki wazi, na Vicky akaingizwa badala yake. Hapo ndipo nikamwambia mama kwamba tunapanga foleni.

Foleni ya Wimbledon ni huduma inayostahili sifa zake. Unashuka Southfields kwa treni ya District, unatembea hadi Wimbledon Park, na unakuta mistari ya watu kwenye nyasi. Msimamizi anakupa kadi yenye namba na tarehe. Hiyo kadi ndiyo roho yako, usiipoteze wala usimpe mtu. Ukitaka chooni au kununua chai unaenda na kurudi, nafasi yako ipo. Ila huwezi kumshikia nafasi rafiki anayekuja baadaye. Wanaolala hapo wanaruhusiwa hema la watu wawili tu, na alfajiri wasimamizi wanapita kuwaamsha wakunje. Kila siku walio kwenye foleni wanatengewa takriban viti 500 kwa kila korti kubwa kati ya tatu, isipokuwa Centre Court katika siku nne za mwisho. Wanaofuata wanapata tiketi ya viwanja, ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 30 katika siku za mwanzo. Ndiyo niliyoitaka.

Mama alikuja na chapati na ndengu. Ndiyo, unaruhusiwa kuingia na chakula chako, na kwa familia hilo ni jambo kubwa. Jirani zetu kwenye mstari walikuwa mzee wa Kijapani na mkewe, wanakuja miaka yote kumfuata mchezaji mmoja wa wawili wawili. Tulibadilishana chapati kwa mochi. Mama, ambaye alikuwa amenuna tangu tushuke treni, alianza kuuliza maswali ya tenisi, akafundishwa hesabu ya pointi hadi akaelewa kwa nini baada ya 30 ni 40.

Geti linafunguliwa saa nne asubuhi na mechi za korti za nje zinaanza saa tano. Hiyo saa moja ndiyo ya kutumia akili. Ratiba inatolewa jioni ya siku iliyotangulia, kwa hiyo uwe umeshajua mchezaji wako yuko korti gani na ni mechi ya ngapi. Kama ni ya tatu, usikae kungoja mechi mbili nzima kwenye kiti. Lakini usije mwishoni mwa ya pili pia, kwa sababu kwenye korti ndogo viti vinajaa na unasubiri mtu atoke. Mimi huingia seti ya pili ya mechi iliyotangulia. Njiani nilipita Korti 18 kuona kibao cha Isner na Mahut, wale waliocheza mechi moja kwa muda wa saa 11 na dakika 5 mwaka 2010, hadi seti ya mwisho ikaisha 70-68. Nilikigusa.

Korti za nje hazina paa. Mvua ikinyesha, wanafunika nyasi na nyote mnangoja. Jua likiwaka, linawaka juu yenu. Siku ya kwanza ya Wimbledon 2025 joto lilifika digrii 32.3, siku ya ufunguzi yenye joto kali kuliko zote katika historia ya mashindano hayo, na ndiyo siku Ons Jabeur wa Tunisia alipocheza na Viktoriya Tomova. Ons ndiye aliyenifanya niamini kwamba Mwafrika anaweza kusimama kwenye fainali pale. Alisimama 2022 na tena 2023. Siku hiyo mwili ulimkatalia. Alikaa kwenye kiti, wakamwekea barafu, akarudi kucheza, kisha akajitoa seti ya pili. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama wakampigia makofi hadi akatoka, na mimi nililia bila kujificha. Wiki chache baadaye akatangaza kwamba anapumzika na tenisi kwa muda. Kwa hiyo nasema: kofia, chupa ya maji ya kujaza tena, na kitambaa cha shingo. Stroberi mwaka huo zilipanda kutoka pauni 2.50 hadi 2.70 baada ya miaka mingi.

Na Vicky? Alimfunga Magdalena Fręch 6-3, 6-2. Mtu aliyeingia kwa nafasi iliyoachwa na mwingine, na alicheza kama korti ni yake tangu zamani. Nilipaza sauti "Twende, Vicky!" kwa Kiswahili, mama akanivuta shati, halafu pointi iliyofuata yeye mwenyewe akaipaza kunishinda. Mechi ilipoisha nilikimbilia ukingoni na kalamu na mpira mkubwa wa tenisi wa kusainiwa. Ushauri: usisimame karibu na kiti cha mwamuzi ambako wote wanasukumana, simama upande wa njia ya kutokea, fungua kofia ya kalamu mapema, na mwite kwa jina mara moja tu. Alisaini. Raundi ya pili alitolewa na Hailey Baptiste, na mwezi uliofuata akatwaa taji la mashindano ya Montreal, kwao Kanada, kwa kumfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Hapa London ilikuwa usiku mkubwa. Mama hakunigombeza, alikuwa macho kabla yangu.

Jambo moja la tahadhari. Binamu yangu alinunua tiketi kwa mtu mtandaoni ili asipange foleni, akazuiwa getini, na pesa hajarudishiwa. Tiketi hizi hazihamishwi kutoka mtu hadi mtu. Ukitaka kuonja korti kubwa, njia halali ipo ndani: watu wanaotoka mapema wanaachia viti vyao, navyo vinauzwa tena kwa bei ndogo sana kwa wenye tiketi ya viwanja, pesa zikienda kwa misaada. Saa kumi na moja jioni ni wakati mzuri wa kuanza kuvitafuta.

Kwangu hii ni nyota tano, Roehampton hata zaidi. Kama huwezi kuja wiki ya kwanza, njoo ya pili, korti zile zile zikiwa na mechi za vijana. Mnaokuja na mdogo wenu, mleteni hapo kwanza: mchana mmoja ataona wasichana na wavulana wa rika lake wakicheza kwenye nyasi zile zile, na kwa kawaida viti vya mbele vipo.