TAHADHARI kwa mnaokwenda Dubai: soko la viungo Deira, muulizeni muuzaji bei ni ya nini

Ndugu zangu, hasa akina mama na dada mnaokwenda Dubai kufuata vitu vya harusi au mzigo wa duka, naomba msome hili kabla hamjafunga masanduku. Mwezi uliopita mimi na wifi yangu tulilipishwa dirhamu 700 kwa vitu ambavyo kwa hesabu yetu havikufika 110, na sehemu kubwa ya vitu vyenyewe ni feki. Ilikuwa soko la viungo la Deira, upande wa Al Ras, hatua chache kutoka kituo cha abra, zile boti za kuvukia. Jina la duka silitaji, kwa sababu maduka ya mtindo huu pale si moja, na ukilikwepa lile utaingia la jirani. Kinachotakiwa kujulikana ni namna wanavyofanya.

Tulikuwa tunamtafutia bi harusi wetu, binti wa wifi, udi wa kufukizia, zafarani na chai ya mawaridi. Jioni, soko limechangamka, kijana akatuita kwa Kiswahili: "Dada, karibu! Mambo! Zanzibar? Bei rahisi, ingia ndani!" Wafanyabiashara wetu wamepita Deira miaka mingi, na wauzaji wengi wa pale wameokota Kiswahili cha kutosha kumsimamisha mtu. Sisi kilitulegeza. Ukisikia lugha yako ugenini unajiona umefika kwa watu.

Nikashika kipande cha udi nikauliza bei gani. Akasema, "Ishirini." Zafarani? "Thelathini." Chai? "Kumi na mbili." Namba tatu, hakuna neno jingine. Mimi nikachukulia kuwa ishirini ni ya tola, maana kwetu udi tunaujua kwa tola, kipimo cha kama gramu 12. Thelathini nikaona ni ya kikopo kile alichoshika, na kumi na mbili ni ya mfuko. Hakunidanganya kwa maneno, na hapo ndipo ilipo hila yenyewe: aliniachia nijaze mwenyewe neno lililokosekana.

Kuanzia hapo mikono yake haikutulia. Anachota udi kwa kijiko cha shaba, anatuonjesha chai, anatupa tende, anatia ua kavu hili na lile akisema "zawadi, zawadi", huku anauliza habari za nyumbani. Mizani ya kielektroniki ilikuwa nyuma ya magunia ya ndimu kavu, uso wake umegeukia ukutani. Kila mfuko ukijaa, anaubana kwa mashine ya moto, tss, anauweka pembeni. Mifuko yote ilipokwisha kufungwa ndipo akapiga kikokotoo na kutugeuzia: 1,120.

Ishirini ilikuwa bei ya gramu. Gramu 35 za udi, ambazo ni tola tatu, zikawa 700. Zafarani nayo thelathini kwa gramu, gramu 8, ikawa 240. Chai kumi na mbili kwa kila gramu 10, gramu 150, ikawa 180.

Wifi akamwambia rudisha, hatuchukui. Sura ikabadilika. "Nimeshachanganya, nimeshafunga, nani atanunua?" Mwenzake akatoka nyuma akaja kusimama mlangoni. Hakutugusa wala hakusema kitu, alisimama tu. Kisha yule kijana akaanza kujifanya anatusaidia: 900, basi 800, basi kwa sababu ya Zanzibar 700. Watu wanapita wanatazama. Sisi tumelelewa kuona haya kusimama dukani kwa mtu tukabishana, tena mtu aliyekukaribisha, ukala tende yake. Wanaijua haya hiyo, na ndiyo wanayoitumia. Tukalipa.

Kwenye kulipa kulikuwa na jingine. Mashine ya kadi iliuliza kama nilipe kwa dirhamu au kwa dola, akabonyeza yeye kabla sijasoma. Dirhamu 700 ni kama dola 191. Ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu ulisema dola 200. Mashine ikikubadilishia pesa palepale hutumia kiwango chake, si cha benki yako, na tofauti inakutoka wewe. Mahali popote nje ya nchi, ATM au dukani, ikikuuliza hivyo chagua pesa ya nchi uliyopo. Na kadi usimpe mtu akabonyeza kwa niaba yako.

Usiku tukawasha kaa, tukatia kipande kwenye chetezo. Moshi ukaja mzito, wa kukwaruza koo, unanuka kama mbao iliyopigwa rangi jana. Wifi alivisugua vipande vingine kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kikatoka weusi, na chini yake mbao ikawa ya kahawia hafifu kama ya sanduku la embe. Alikaa kimya muda mrefu. Pesa ile aliichanga mwaka mzima kwa ajili ya mwanawe.

Asubuhi tulimweleza mzee mmoja wa Kizanzibari, jamaa wa upande wa wifi, aliyekaa Deira miaka mingi. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Wanangu, mlimuuliza bei ya nini?" Akatuchukua tukarudi dukani, mkononi tuna karatasi ya mashine ya kadi na mifuko. Hakupiga kelele. Aliomba risiti kamili yenye jina la duka, uzito na bei ya kila kitu, akasema bila hiyo atapiga 901, namba ya polisi wa Dubai kwa mambo yasiyo ya dharura. Risiti haikutoka, ila zilitoka dirhamu 300 taslimu kutoka kwenye droo. Mia nne zilibaki kwao. Tulikuwa tunasafiri usiku ule, tukaachia hapo, na mpaka leo naona tulikosea kuachia. Dubai ina idara ya serikali ya kulinda walaji inayopokea malalamiko kwa mtandao, hata ya mgeni. Bila risiti huna pa kuanzia, kwa hiyo risiti iombe kabla ya kulipa, na duka linalokataa kuitoa liache.

Sasa kwa anayekwenda kufuata udi hasa. Udi ni mbao ya miti ya jamii ya Aquilaria, ya huko Assam, Kambodia, Indonesia na nchi za jirani zake. Mti ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu hutoa utomvu mweusi wa kujikinga, na ile mbao iliyolowa utomvu ndiyo udi. Mti usioumwa hauna kitu, ndiyo maana udi mzuri ni ghali kila mahali. Ukiambiwa ni wa hali ya juu na ni rahisi, moja kati ya hayo mawili si kweli. Omba kipande kiwekwe kwenye kaa mbele yako. Wa kweli mafuta yake hutoka yakichemka pembeni mwa kipande, moshi mwembamba, harufu inakuja taratibu. Wa kupaka unakuvamia mara moja kisha unabaki moshi wa kuni. Tazama pia rangi: udi wa asili una michirizi, weusi na kahawia vimechanganyika. Kipande cheusi tii pande zote, tena kinang'aa, kimepakwa. Ukienda kwenye mafuta, tola ni gramu 11.66, na wengi huuza robo tola, kichupa cha kama mililita 3. Bei uliyotajiwa ni ya kichupa au ya tola nzima? Muulize.

Zafarani nayo hutoka kwenye ua dogo lenye nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na gramu moja inataka maua kama 150. Magunia yaliyojaa nyuzi za rangi ya chungwa pale nje ni maua ya mmea mwingine, yanatia rangi kwenye chakula lakini ladha hayana. Tia nyuzi mbili tatu kwenye maji baridi. Za kweli hutoa umanjano polepole na zenyewe zinabaki nyekundu, za kupaka rangi zinachuja papo hapo na kupauka. Siku ya mwisho tuliingia supamaketi ya kawaida Deira, tukaona zafarani ya kikopo kilichofungwa, uzito na bei vimeandikwa, chini ya nusu ya ile tuliyouziwa.

Baada ya hapo nilianza kuliona swali lile la mzee kila pahala, kwa hiyo nawaeleza na mengine.

Abra za kuvukia kutoka Deira kwenda Bur Dubai, zile za mbao za watu wote, ni dirhamu 1 kwa kichwa, unampa nahodha mkononi mkiwa majini. Anayekufuata gatini na kukwambia "mia tu, twende" anakukodisha boti nzima. Si haramu, lakini kama unataka kuvuka tu, mpite uende walipopanga foleni wafanyakazi.

Dhahabu: bei ya gramu ya siku inajulikana, imewekwa kwenye vibao vya maduka, kwa kila karati. Hapo hakuna sana wa kukudanganya. Kinachozungumzika ni ufundi, yaani malipo ya kuitengeneza, na hapo ndipo maduka yanapotofautiana sana. Wengine wanauhesabu kwa gramu, wengine kwa kipande. Muulize ufundi ni wa nini, kisha uupunguze huo. Ya karati 22 iwe na muhuri wa 916, karati 21 iwe 875, karati 18 iwe 750. Kikiwa na mawe, uliza uzito wa dhahabu peke yake, usije ukalipia jiwe la kioo kwa bei ya dhahabu. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa Dubai ni asilimia 5. Mgeni aliyenunua kwa dirhamu 250 au zaidi kwenye duka lililosajiliwa kwa mpango wa kurudishia wageni kodi hiyo anaweza kurudishiwa sehemu kubwa yake uwanja wa ndege, ila lazima umwambie muuzaji palepale unaponunua na uwe na pasipoti. Uwanjani hakikisha umepita kwenye madawati ya kodi kabla ya kukabidhi mizigo.

Kubadili pesa: dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo huna haja ya kubahatisha. Dola 1,000 kwa 3.65 ni dirhamu 3,650, na kwa 3.45 ni 3,450. Mia mbili zimekwenda. Wengine wanaandika kiwango kizuri kibaoni halafu wanakata ada, basi uliza: baada ya makato yote, natia mkononi ngapi?

Wenye mzigo wa duka, hili la kago lisikieni vizuri. Unaambiwa bei ya kilo kwa ndege, unapima boksi lako kilo 9, unafurahi. Ukifika ofisini unaandikiwa kilo 20, na unadhani umeibiwa. Huenda hukuibiwa, wametumia uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 ni kilo 20 hata ukijaza pamba. Wengine wanagawa kwa 5,000, hapo linakuwa 24. Tofauti hiyo ndiyo ya kuuliza kabla hujafunga, pamoja na kama bei imechukua ushuru au utaudaiwa tena mzigo ukifika. Waandikie kwenye WhatsApp na wao wajibu kwa maandishi.

Mawinga, wale wanaokuzungusha madukani, wapo Deira kama walivyo Kariakoo, na wengine ni wenzetu wanaotafuta riziki. Wapo waaminifu. Lakini winga asiyekutajia malipo yake analipwa na duka, na cha juu hicho kinatoka kwako. Mpangie mwenyewe ujira wa siku, mkubaliane, kisha umwambie usinipeleke unapolipwa.

Teksi za uwanja wa ndege wa Dubai zina mita na zinaanza na dirhamu 25, hivyo usishtuke ukiikuta namba hiyo gari haijatembea. Ile tozo ndogo ya hoteli ya kila usiku, kati ya dirhamu 7 na 20 kwa chumba, ni ya serikali, imekuwapo tangu 2014, msigombane na mtu wa mapokezi kwa hiyo.

Neno la mwisho kwa dada zangu wenye haya kama mimi. Muuzaji akikutajia namba, kabla kijiko hakijaingia kwenye gunia, sema: "Ishirini ya gramu, ya tola au ya kilo? Andika." Akuandikie kwenye simu yako. Mwambie ageuze mizani uione. Mfuko usifungwe kabla hujakubali jumla. Akianza kununa, toka. Hujamkosea adabu.

Udi wa harusi tumeshaupata, mdogo wake wifi ameuleta kutoka Muscat. Ule wa Deira ninao kabatini kwenye mfuko wake uleule. Aliyeko Unguja na anasafiri wiki hizi aniandikie, nimkatie kipande akakichome, aijue harufu yake kabla hajaondoka.